Nilimwagizia Mume Wangu Picha, Akauliza "Huyu Ni Nani?"

Kama umeolewa na mwanaume asiyesema, dada, utanielewa. Wangu akikasirika anaosha gari. Akifurahi anaosha gari. Kwa miaka sita ya ndoa nimejifunza kumsoma kwa ndoo na sabuni. Lakini kuna jambo moja ambalo likitajwa hata gari haliguswi, na jambo hilo ni mama yake.

Mama mkwe sikumkuta. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, mwendo wa mtumbwi kutoka Matema kule Kyela. Alikuwa mfinyanzi kama wanawake wengi wa Kikisi, na Jumamosi alipakia vyungu vyake mtumbwini kwenda kuviuza kwenye gulio la Lyulilo. Alifariki mwanawe akiwa chuoni, katikati ya mitihani. Ndugu wakaamua wasimwambie mpaka amalize karatasi ya mwisho. Alipofika nyumbani, kaburi lilikuwa na siku nne. Na haya niliambiwa na wifi yangu, siyo na yeye.

Sasa mwaka jana tulikuwa tumehamia kwetu, nyumba yetu wenyewe, na ukuta wa sebuleni juu ya kochi uko mtupu kama darasa la likizo. Kila shosti akija anasema weka picha. Picha Dar huwezi kukosa. Tangu Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alipoanza kupaka rangi za baiskeli kwenye mbao za masonite mwaka 1968 na kuuza kazi zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, jiji halijawahi kuishiwa ndege, chui na twiga wa rangi kali. Yeye mwenyewe hakufaidi sana, maana mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Wenzake waliendelea, na mwaka 1990 wakaanzisha ushirika wao palepale. Ninazipenda sana picha hizo. Lakini twiga hakumzaa mume wangu.

Ndiyo kiherehere changu kikaanza. Nikajiambia, kumbukumbu ya ndoa inakaribia, nitamwagizia picha ya mama yake. Tena iwe siri.

Mfanyakazi mwenzangu akaniunganisha na msanii mmoja kijana. Tukakubaliana turubai la futi nne kwa tatu, shilingi laki tatu, nusu nikampa siku hiyohiyo. Nikamkabidhi picha pekee tuliyokuwa nayo, ile ndogo ya kitambulisho cha mpiga kura, ambayo mama wa watu amekodoa macho kama anasubiri hukumu. Kijana akaniuliza, "Dada, Matema umeshafika?" Nikasema nimeiona kwenye simu. Akauliza jua nalitaka upande gani. "Liweke linachomoza majini, ipendeze." Mtumbwi wa namna gani? "Wa kawaida tu, uwe na tanga." Vyungu je? "Vyungu si vyungu!"

Aliuliza maswali yote ya maana, na mimi nilimjibu kama mtu anayeagiza chipsi.

Siku ikafika. Nilipika wali wa Kyela kwa samaki, nikazima taa kubwa, nikamwambia fumba macho. Alipofumbua hakusema kitu kwa muda mrefu. Mimi nikadhani ni machozi ya furaha.

"Hapa ni wapi?"

"Si Matema jamani!"

"Matema jua halitoki majini. Linatokea nyuma ya milima." Akasogea karibu. "Na hiyo ni ngalawa ya Bagamoyo." Kisha akanyoosha kidole kwa mwanamke aliyebeba chungu kichwani. "Na huyu ni nani?"

Alitoka nje. Gari hakuliosha. Aliingia ndani yake akakaa, na taa za geti zikamwonyesha ameshika usukani kama anaendesha.

Siku mbili hatukuongea. Nililia chooni kazini, na shosti wangu akanipa ile dawa yetu ya siku zote: wanaume hawana shukrani. Nilikuwa nimeshaanza kuinywa. Usiku wa tatu, gizani, akaanza mwenyewe.

"Mimi sura yake siikumbuki kama ilivyo kwenye kile kitambulisho," alisema. "Jumamosi nilikuwa nakaa nyuma yake mtumbwini, kati ya vyungu. Ninachokumbuka ni mgongo."

Akaeleza mgongo huo mpaka karibu na alfajiri. Khanga iliyofungwa kwapani, mabega yanavyopanda na kushuka na kasia, majani makavu katikati ya vyungu visigongane. Mlima uko kulia, jua bado limejificha nyuma yake, maji meusi, lakini ukitazama kushoto, kule tambarare ya Kyela, tayari kumekucha. Katika miaka sita sikuwahi kumsikia akisema sentensi kumi mfululizo.

Desemba tukafunga safari. Basi mpaka Kyela, tukapanda na kushuka Tukuyu kwenye migomba na chai, halafu joto la bondeni likatupokea, Ipinda, Matema. Kwanza tulikwenda kaburini. Sehemu hiyo niiache, ni yake.

Jumamosi mama mdogo, mdogo wake marehemu, akatupeleka Lyulilo. Nikamwonyesha ile picha kwenye simu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mkwe wangu, chungu cheusi hivi umekitoa jikoni kwa nani? Cha gulioni kikiwa hivi nani atanunua?" Kweli, vilivyopangwa pale vilikuwa vya hudhurungi nyepesi, vimelainishwa hadi vinateleza mkononi. Nao wanafinyanga kwa mikono mitupu, bila gurudumu. Na mitumbwi ni ya gogo moja lililochongwa, haina tanga wala mbawa za ubavuni. Asubuhi hiyo nililisubiri jua ufukweni, na lilipotokea juu ya mlima watu walikuwa wameshakunywa chai.

Tukarudi kwa kijana yuleyule. Pesa ya picha ya kwanza sikumdai, kwani alichora nilichomwambia. Safari hii aliyeongea ni mume wangu. Alimpelekea picha zaidi ya arobaini za simu: makasia, milima, migongo ya watu. Masharti tukayaandika kwenye karatasi. Laki nne na nusu, nusu mwanzo na nusu mwisho, na michoro ya penseli kabla ya rangi yoyote. Kwenye penseli tunabadilisha bure. Rangi ikishaingia, kila badiliko lina bei yake. Kama unafikiria kuagiza picha, hilo la penseli usiliruke hata kidogo. Na ukichagua rangi za mafuta uwe na subira, maana juu hukauka kwa siku kadhaa lakini ndani huchukua miezi.

Ilichorwa kwa penseli mara tatu. Kila Alhamisi akitoka kazini mume wangu alipitia kule, anarudi saa tatu usiku ananukia tapentaini. Niseme ukweli, niliona wivu. Yule kijana aliambiwa mambo ya Ikombe ambayo mimi nilikuja kuyasikia baadaye, tena kwa juu juu. Nilijizuia kuuliza. Nilishawahi kuharakisha mara moja.

Sasa picha iko juu ya kochi, mbali na dirisha ili jua lisiipige. Wageni wengi huipita tu. Ile ya kwanza niliitundika koridoni, na hiyo ndiyo wanayoisifia.

Juni mama mdogo alikuja Dar kwa matibabu ya macho. Tulimsimamisha mbele ya picha. Akaitazama, akasogea, akarudi nyuma, akasema mgongo ndiyo wenyewe. Mume wangu akashusha pumzi. Kisha bibi akamgeukia.

"Na mimi niko wapi?"

"Wapi, mama mdogo?"

"Mtumbwi umejaa vyungu na mtoto juu, unadhani dada aliupeleka peke yake? Nani alikuwa anapiga kasia nyuma yako miaka yote?"

Mume wangu akafungua mdomo, akaufunga. "Ulikuwa nyuma yangu. Sikukuona."

"Basi na mimi nichoreni," alisema, akakaa kwenye kochi na kuomba chai. "Ila mimi wanichore kwa mbele."

Kijana ameshapigiwa simu. Anataka laki tano.