Paka wa Msitu wa Sokoke

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi huandamana na msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wake wa kushoto, kwa mwendo mrefu kabla ya kufika Gede. Wengi wetu huupita tukisinzia garini, tukidhani ni vichaka tu. Kumbe ni kilomita za mraba zipatazo 420, mabaki ya msitu mkubwa wa pwani, na makazi ya viumbe wasiopatikana ila sehemu chache mno duniani.

Wagiriama wana paka wao hapo wamwitao kadzonzo, na husemwa kwamba jina hilo lamfananisha na magome ya mti. Ni mwembamba, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, manyoya mafupi yenye mabaka ya kahawia. Akisimama penye kivuli cha mrihi, jicho humpita lisimwone. Mwaka 1978 bibi mmoja mkaazi wa Watamu aliwaokota watoto wa paka huyo akawalea. Mwaka 1984 baadhi ya kizazi chao walipelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la wafugaji wa paka la Ulaya liliwatambua kuwa aina kamili, kwa jina la Sokoke.

Wengi walidhani ni mnyama wa mwituni tangu asili. Uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha vingine: ni jamaa wa paka wa kufugwa wa pwani hii yetu, wale wale wanaongoja vichwa vya samaki forodhani Lamu. Wa mwituni hasa ni kimburu, mwenye miguu mirefu, masikio ya rangi ya kutu kwa nyuma, na mkia wa pete wenye ncha nyeusi. Naye ni msiri mno, na anapozaana na paka shume waliotoka majumbani, asili yake huzidi kufifia.

Hapa ndipo lilipo jambo linalotugusa sisi wenye nyumba. Paka akizaa watoto watano jikoni, wako wanaowatia guniani na kuwatupa kando ya msitu, wakisema wamewaacha wajitafutie. Wengine hutoa hoja ya dini: yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lake ni kumfungia bila chakula wala kumwacha ale wadudu wa ardhini. Hoja hiyo haisimami. Mtoto wa paka asiyefunzwa kuwinda hufa kwa njaa siku za mwanzo, na hilo halitofautiani sana na kufungiwa. Anayenusurika naye huwinda chochote anachokiweza, na ardhi ile si ya panya peke yao. Yumo sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye hulala katika kiota cha majani makavu chini kabisa. Kinda lake halina pa kukimbilia.

Tena tunamkumbuka Abu Qatada (r.a.), aliyewekewa maji ya udhu, paka akaja, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona mke wa mwanawe anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka. Wanaotuzunguka majumbani, si porini. Mwenye kuchoshwa na uzazi wa paka wake na aulize kwa daktari wa mifugo. Kumfunga kizazi ni kazi ndogo kwake.

Na mwenye kwenda Gede na wanawe, kutazama msikiti mkuu wa magofu pamoja na kisima chake, afike asubuhi mapema kabla ya makundi ya wageni. Wakae kimya karibu na kuta, wasikilize majani makavu. Sange hutembea mchana, na kishindo chake kidogo husikika kabla hajaonekana.