Mahari yangu, sola na kivuli cha Alasiri



Mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Surat An-Nisaa imelimaliza hilo katika aya ya 4, sina la kuongeza. Lakini harusi ikikaribia, kila mtu ana ushauri: nunua dhahabu, nunua kabati la vyombo, weka akiba. Mimi, mtoto wa Unguja niliyeolewa Upareni, nilinunua paneli sita za sola. Na leo nataka kuzungumzia nafasi inayoachwa kati ya mstari mmoja wa paneli na mwingine. Msikimbie! Ukiolewa penye mlima, nafasi hiyo ndiyo itakayoamua kama fedha yako imenunua umeme au mapambo ya shamba.

Tunaishi milimani, juu ya mji wa Same. Chini kule ni nchi kavu, vumbi na mkonge. Huku juu kuna migomba, ukungu wa asubuhi na mashamba yaliyokatwa kama ngazi. Kazi yangu ni kushona nguo za maharusi. Cherehani halili umeme mwingi, mlafi ni pasi, na nguo ya harusi isiyopigwa pasi hakuna atakayeipokea. Paa letu limefunikwa na mparachichi mkubwa ambao hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia mavyaa wangu aukate. Kwa hiyo paneli zilipaswa kukaa chini, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba unaoshuka upande wa kusini. Mteremko huo ulikuwa bustani ya maharage ya huyo huyo mavyaa.

Fundi akapanda kutoka mjini, mtu mstaarabu, akapanga mistari mitatu ya paneli mbili mbili. Kati ya mistari akasema aache sentimita 35, kama anavyofanya kule bondeni. Kwa bondeni hesabu yake ni nzuri. Paneli yenye urefu wa mita 2, ukiiinamisha nyuzi 10, ukingo wake wa juu unazidi ule wa chini kwa sentimita 35 hivi. Hapo Same, kwenye ardhi tambarare, hata mwezi Juni kivuli cha ukingo huo hakivuki sentimita 35 kwenda kusini mpaka kama saa 10 na nusu jioni.

Lakini sisi hatuko bondeni.

Same iko kama nyuzi 4 kusini ya Ikweta. Mwezi Juni jua linapita kaskazini yetu, kwa hiyo vivuli vinaangukia kusini. Paneli tunaziinamisha kuelekea kaskazini, na mwinamo wenyewe ni mdogo. Huku karibu na Ikweta hata zikilala zinafanya kazi, ila mwinamo unasaidia mvua kuosha vumbi. Kaskazini ndiko kwenye kibla pia. Kwetu Unguja kibla ni kaskazini karibu kabisa. Same kinaegemea mashariki kwa nyuzi 4 au 5 tu. Paneli zangu zinatazama ninakotazama nikiwa kwenye msala, na nakiri jambo hilo linanifurahisha kila nikizifuta. Ukitaka kuhakiki upande bila dira, ngoja tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana. Wakati huo jua liko juu ya Al-Kaaba, na kivuli cha fimbo iliyosimama wima kinaipa kibla mgongo.

Sasa tazama mteremko wetu. Kila mita moja ya kushuka kusini, ardhi inazama kama sentimita 27. Mstari wa pili unakuwa chini ya ule wa kwanza, na kivuli kinachoangukia bondeni kinarefuka, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa ngazi. Tena ardhi inazama hata chini ya paneli yenyewe, zaidi ya nusu mita kabla hujaanza kupima nafasi. Na kivuli si jambo la kudharau. Vijipande vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine. Ukitia kivuli sehemu ndogo ni kama kukanyaga mpira wa maji, mkondo wote unapungua.

Sisi wanawake wa Kiislamu vivuli tunavijua. Alasiri inaingia kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukijumlisha na kile kivuli cha adhuhuri. Kwa hiyo nikamwambia fundi, "Nipe siku moja, kaka yangu." Ilikuwa Juni, wakati mzuri kabisa, maana ndio mwezi ambao vivuli vya kusini ni virefu kuliko vyote.

Nikafunga kamba kutoka mashariki kwenda magharibi, pale utakapokaa ukingo wa juu wa mstari wa kwanza, sentimita 138 kutoka ardhini, nikatundika kanga. Nikachukua fimbo ya sentimita 50, sawa na mguu mfupi wa stendi, nikawa naishusha mpaka kivuli cha upindo wa juu kiguse ncha yake. Jioni kivuli kinakimbilia mashariki, lakini mimi nilipima umbali wa kwenda kusini tu, futi ikiwa imeshikwa usawa. Saa 6 na nusu mchana nilipata kama sentimita 53. Yaani kwa zile 35, kivuli kingekuwepo hata adhuhuri! Alasiri ilipoingia, karibu saa 10, nikapata 90. Saa 10 na nusu ikawa 120.

Fundi akaangalia, akacheka, akasema, "Shemeji, umenishinda kwa kanga."

Tatizo likabaki kwa mavyaa. Nafasi mbili za sentimita 120 zingekula mita 1 na sentimita 70 zaidi ya bustani yake, na mimi ni mgeni kwake, mwaka wangu wa kwanza. Kurefusha miguu ya mistari ya chini kungepunguza nafasi, ila chuma ni ghali na upepo wa huku si wa mchezo. Nikamweleza polepole, nikiwa nimekaa mkekani. Akauliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe unashona mpaka saa ngapi?"

Nikasema mpaka Alasiri, kisha naingia jikoni.

"Basi chukua mpaka Alasiri."

Tukaweka sentimita 90. Jioni za Juni nusu saa ya mwisho inapotea, nami huwa nimeshazima pasi. Katikati ya mistari mama ameng'oa maharage na kupanda tangawizi, ambayo haichukii kivuli kidogo.