Tulipofika kwenye mitego ya Wagenya

Sisi kumi tulioshuka Kisangani kuuza mchele na mafuta ya mawese tumerudi Lubutu salama, Mungu asifiwe. Hesabu ya biashara tutaitoa kwenye mkutano. Leo tunawasimulia mahali tulipopita kabla ya kupanda lori la kurudi: maporomoko ya Wagenya.

Kwanza tulibishana. Watatu kati yetu walisema pesa ya likelemba ni ya masomo ya watoto, si ya kutembea. Walikuwa na haki. Basi kila mama akatoa kidogo katika faida yake mwenyewe, tukaenda wote.

Kelele ya maji tuliisikia kabla ya kuyaona. Ni maji yale yale ya Lualaba yanayopita Kindu, mji mkuu wa jimbo letu. Kutoka Ubundu mpaka Kisangani yanashuka maporomoko saba, karibu kilometa 100, na meli haziwezi kupita. Ndiyo maana wakati wa ukoloni ilijengwa reli ya kilometa 125 kati ya miji hiyo miwili, ikamalizika mwaka 1906. Hapa kwenye poromoko la mwisho Lualaba inaacha jina lake, inaitwa Kongo.

Wagenya wamesimamisha miti mikubwa katikati ya mawe, wameifunga kwa kamba za msitu. Kwenye miti hiyo wananing'iniza vikapu virefu, mdomo mpana, mkia mwembamba. Maji yenyewe yanasukuma samaki ndani, na nguvu yake haiwaachi kutoka. Vijana wanapanda juu ya miti kama ngazi, wanavuta vikapu huku mto unanguruma chini ya miguu yao. Wengine wetu tulifunga macho.

Kando ya mto tulikuta mama mmoja akikausha samaki kwa moshi. Tulinunua, tukakaa naye. Alituambia kwamba kila ukoo una mahali pake kwenye mawe, watoto wanarithi kwa wazazi. Tukamwuliza: maji yakijaa, miti hii inasimama?

Akacheka. «Mingine inakwenda, mama. Kamba mpya tunaziweka tayari mapema. Ukingoja mti uanguke ndipo utafute kamba, watoto watalala njaa.»

Tulinyamaza. Sote tulimkumbuka mwenzetu ambaye mchele wake uliharibika mwaka jana, lori lilipokwama kwenye matope siku nyingi. Siku ile sanduku letu lilikuwa tupu, kwa sababu zamu ya kupokea ilikuwa imekwisha kutolewa. Tulimpa pole tu, na binti yake akakaa nyumbani muhula mzima.

Ndani ya lori, wale watatu waliokataa ndio walioanza mazungumzo. Tunawaletea shauri hili: kila wiki, pembeni ya likelemba, kila mama aweke franga 500 katika sanduku la pili. Pesa hiyo haitakuwa na zamu. Itafunguliwa kwa ugonjwa, msiba au mali iliyopotea njiani, na wamama watatu watashika funguo tatu.

Njoni na mawazo yenu kwenye mkutano. Samaki wa moshi tumewabakizia. Atakayechelewa atakuta miiba.