Kuihoji Chipu Bubu

Jioni nyumbani kwangu Kaloleni huihoji chipu bubu. Imo katika kadi ichorayo picha kiooni mwa kompyuta kuukuu. Ni ya jamii ya PAL, iliyozuka Marekani mwaka 1978. Mtengenezaji wa kadi aliunguza vijiwaya vya ndani kwa mpango wake, kisha akaufunga usisomwe. Chipu ikifa, mpango hupotea, na kadi haifai tena.

Basi ningali na nafasi, naziwasha na kuzizima njia zake 8 za kuingilia kwa kila namna, namna 256, nikiandika kila jibu. Katika orodha hiyo sheria yake hujitokeza. Chipu zenye kumbukumbu hutaka subira zaidi, kwani jibu hutegemea pia yaliyotangulia.

Nawe, kilichofungwa kiulize kwa utaratibu, uandike, ulinganishe.