Sisi Tulikuja kwa Mitumbwi

Nimezaliwa Kigera, Musoma. Hapo ndipo nilipokulia, nikasoma na kuoa. Hata hivyo kuna swali lililonifuata tangu utoto, mwaloni, shuleni, hata kwenye vikao vya mipaka ya mashamba: "Ninyi kwenu hasa ni wapi?" Majirani zetu wengi ni Wakwaya, na nchi hii inaitwa Bukwaya. Sisi tuliitwa Wajaluo, na Mjaluo aliyeko huku hutarajiwa kutaja Rorya, Shirati au ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Baba alikuwa na jibu fupi: "Tulikuja." Hatukurithi neno jingine lolote kuhusu asili yetu. Mtu wa kuja hasikilizwi sana baraza linapokaa. Nililijua hilo mapema, nikaona haya kila asili ilipotajwa. Naandika kushuhudia jinsi haya ile ilivyonitoka.

Mambo yalianzia kwa mgeni. Makoko, jirani na Kigera, kuna shule ya lugha iliyoanzishwa na mapadre wa Maryknoll mwaka 1963, na wanaosoma hapo hupita mitaani wakijizoeza Kiswahili. Mmoja wao, mtu wa makamo kutoka Pennsylvania, alizoea kuja kukaa nasi jioni. Siku moja akatusimulia ukoo wake. Wazee wake walikuwa Waskoti. Kuanzia mwaka 1609, Mfalme James wa Kwanza aligawa ardhi ya Ulster, kaskazini mwa Ireland, kwa walowezi, nao wakavuka bahari wakahamia huko. Vizazi kadhaa baadaye kodi za ardhi zilipanda, mavuno yakaharibika, na kwa kuwa walikuwa Wapresbiteri, sheria za kanisa la dola ziliwabana. Kuanzia miaka ya 1717 na 1718 wakaanza kuvuka Atlantiki kwa maelfu. Ireland waliitwa Waskoti, na walipofika Marekani wakaitwa Waairishi. Yeye aliwafuatilia kwa hati za ardhi, wosia, rejista za kanisa na sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790. Kilichomsikitisha ni kwamba sensa ile ilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Wake na watoto walihesabiwa bila kutajwa.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hata sisi tulikuwa na jina jingine kabla ya hili." Hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jambo hilo, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nikaanza kukaa naye asubuhi alipokuwa akianika dagaa. Anamwaga ndoo juu ya wavu uliotandikwa mchangani, anapiga magoti, anawasambaza kwa kiganja mpaka pasiwe na dagaa aliyelala juu ya mwenzake, na wakati wote huo majina yanamtoka kwa mpango uleule: jina la mwanamume, jina la mkewe, alikotoka mkewe, na mahali alipozikwa kila mmoja. Mimi naandika kwenye kaunta buku. Nikiruka jina la mwanamke, anasimamisha mikono na kunirudisha nyuma. Alipofika kwa babu wa babu yake, akatulia. "Huyu hakuzaliwa Mjaluo, mwana wa kaka yangu. Huyu alikuwa Msuba wa Rusinga."

Rusinga na Mfangano ni visiwa vya upande wa Kenya, karibu na Mbita. Masimulizi ya Wasuba wa visiwa hivyo yanasema kwamba wazee wao walitoka Buganda na Busoga, wakikimbia machafuko ya wana wa kifalme waliokuwa wakigombania kiti cha Kabaka. Walikuja kwa mitumbwi, wakatua visiwani na kwenye pwani za Gwassi na Kaksingri. Mwanahistoria Henry Okello Ayot, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu Waluo-Abasuba, anaianza historia yao mwaka 1760. Walikuwa Wabantu. Huko wakakutana na Waluo, yaani Wajaluo, wakauziana nafaka na samaki, wakaoana. Mama Mluo alimlea mtoto kwa Kijaluo. Baadaye misheni na shule nazo zikafundisha kwa Kijaluo, na lugha ya Kisuba ikabaki kwa wazee. Tom Mboya, ambaye Afrika Mashariki yote ilimjua kama Mjaluo, alikuwa wa ukoo wa Kisuba, na alipouawa mwaka 1969 alizikwa kwao Rusinga.

Kupata majina ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa miaka. Shangazi hahesabu kwa kalenda, anahesabu kwa matukio. Baba yake alikuwa tayari anachunga mbuzi Waingereza walipoitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani, na hiyo ni 1916. Alibatizwa baada ya Wamennonite kutoka Marekani kufungua misheni yao Shirati, na hiyo ni 1934. Kaburi la mama yake lilikuwa karibu na maji hapa Kigera, likamezwa na ziwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Kweli, kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya kati ya 1973 na 1976, na miji ya zamani ikaachwa pamoja na miti iliyokuwa alama ya makaburi. Tulipokadiria miaka 25 hadi 30 kwa kila kizazi, yule Msuba akaangukia mwanzoni mwa karne ya 19, na mwanawe aliyevuka kwenda upande wa Shirati akaangukia kabla mpaka haujachorwa.

Mpaka huo ulinifikirisha sana. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka pwani ya Bahari ya Hindi mpaka Ziwa Victoria, na mwaka 1890 wakauendeleza majini kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Mababu zangu walikuwa wamekwisha kupita. Hawakuvuka mpaka wa nchi yoyote. Walifuata samaki, malisho na wakwe zao kandokando ya ziwa moja. Mstari ndio uliokuja nyuma yao na kuwafanya wageni.

Nikaenda Rusinga. Nilipita Sirari, Migori na Homa Bay hadi Mbita, na kaunta buku likiwa mkobani. Mzee niliyeelekezwa kwake hakutaka kitambulisho. Alitaka majina. Niliyasoma kuanzia kwangu kwenda juu, na nilipokaribia mwisho alinikatiza, akaendelea mwenyewe: akamtaja yule Msuba, akamtaja mkewe kwa jina lilelile alilonipa Shangazi, kisha akaongeza majina mawili ya juu ambayo sisi hatukuwa nayo. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja Tanzania na mmoja Kenya, walikuwa wamemtunza mwanamke mmoja kwa muda wote huo. Yule mzee akanishika mkono: "Nyakwara, mjukuu wangu, mlikawia tu." Nililia mbele yake, na sikujizuia.

Niliporudi nilianza kuusikiliza mkoa wetu wa Mara na majirani zake kwa sikio jingine. Waikizu wa Bunda husimulia asili yao kwa Nyakinywa, mwanamke mganga wa mvua aliyetoka Kanadi, Usukuma, akamkuta mwindaji Isamongo. Ukoo wa Wasilanga uliotawala Ukerewe husema mzee wao alitoka Ihangiro, magharibi ya ziwa. Waluo wenyewe walishuka kutoka pande za Sudan kupitia Uganda. Nilipomwuliza mzee wa Kikwaya, jirani yetu wa siku nyingi, kuhusu ukoo wake, naye alianza na mtumbwi. Katika wote niliowauliza, hakuna aliyeniambia kwamba wazee wake walichipuka hapa. Tunatofautiana kwa nani alitangulia kufika, na aliyetangulia anastahili heshima yake, kwa sababu ndiye aliyetupa mahali pa kujenga. Lakini kutangulia hakumfanyi yeye kuwa mtu zaidi, na kuchelewa hakutufanyi sisi kuwa pungufu.

Hapo ndipo nilipobadilika. Nilikuwa mtu wa kunyamaza kikaoni, sasa nazungumza. Nikiulizwa kwetu wapi, najibu kwa utulivu: kwetu ni Kigera, tulikopokewa na Wakwaya. Kabla ya hapo Shirati, kabla ya hapo Rusinga, kabla ya hapo ng'ambo ya ziwa. Mara nyingi aliyeuliza naye huanza kutaja za kwake. Watoto wangu wanayajua majina yote, ya wanaume na ya wanawake. Na wavuvi wageni wanapofika mwaloni na familia zao kutafuta mahali pa kulala, mimi huwa miongoni mwa wanaosimama kuwasemea, kwa kuwa kuna mtu aliwahi kusimama kwa ajili ya babu yangu.

Ndugu msomaji, kama una shangazi, bibi au mzee aliye hai, nenda kwake wiki hii ukiwa na daftari. Usianze na "mwaka gani". Anza na nani alimwoa nani, na ng'ombe wa mahari walitoka wapi. Uliza majina ya wanawake, kwa sababu rejista nyingi ziliwaacha, na mara nyingi wao ndio kiungo kati ya ukoo na ukoo, kati ya lugha na lugha. Uliza njaa, nzige, vita na mafuriko, miaka utaipata baadaye. Nenda kanisani ukaombe kuona vitabu vya ubatizo vya zamani. Mfangano, Wasuba wana Makumbusho ya Amani ya Abasuba na redio ya Ekialo Kiona kwa ajili ya kuitunza lugha na historia yao. Sisi wa Mara tunaweza kuanza na daftari la shilingi chache. Namshukuru Mungu kwamba Shangazi aliulizwa angali ana nguvu za kujibu.