Kadi za Burdick na Adui Wake

Zamani, katika nchi ya Marekani, watengenezaji wa sigara walikuwa wakitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti, ili sigara zisipondeke. Baadaye, katika karne ya 19, wakaanza kupiga chapa picha juu ya kadi hizo: picha za wachezaji, za ndege, na za maua. Watoto wakazikusanya na kubadilishana. Kisha nyingi zikatupwa.

Lakini palikuwa na mtu mmoja katika mji wa Syracuse, jina lake Jefferson Burdick, ambaye hakuzitupa. Hakuwa tajiri. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, tena viungo vyake viliteswa na baridi yabisi. Tangu mwaka 1947 alianza kuzitoa kadi zake kwa Metropolitan Museum huko New York, nyumba kubwa ya kuhifadhi vitu vya thamani. Akawa akienda huko, akizibandika vitabuni kwa vidole vyenye maumivu, hata kazi ikaisha Januari 1963. Miezi miwili baadaye alikufa. Aliacha kadi na picha zaidi ya 300,000, na katika hizo kama 30,000 ni za mchezo wa besiboli.

Basi, kazi hiyo yote yaweza kuharibiwa na kitu kisicho na mikono wala meno, nacho ni mwanga. Kila mtoto ameona kanga inayoanikwa juani siku zote: hupauka. Kadi nayo ni vivyo hivyo. Mwanga huvunja chembe za rangi, na karatasi hafifu hugeuka manjano. Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho ndiyo mikali zaidi, na kioo cha dirisha huizuia kwa sehemu tu. Hata taa ndogo hudhuru ikiwaka muda mrefu, maana haba na haba hujaza kibaba. Wala rangi iliyokwisha kufifia hairudi, hata kadi ikifichwa gizani miaka mia.

Je, zifichwe zisionwe na mtu kabisa? Hapo taabu ya Burdick ingekuwa bure. Kwa hiyo watunzaji huonyesha chache kwa zamu. Baada ya miezi kadhaa huziondoa zikapumzike gizani, na nyingine hushika mahali pake.

Mwenye kadi nyumbani na afanye kama wao. Aziweke sandukuni, mahali pakavu, mbali na dirisha. Azitoe kuzitazama, kisha azirudishe. Akitaka kupamba ukuta, na atundike nakala, si kadi yenyewe.

Picha ni kama nafaka ya ghalani: asiyeila haifaidi, na aimalizaye leo huwanyima watakaokuja kesho.