Kupasha na Kupoza

Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei niliendesha gari lisilo langu. Mdogo wangu alipopata kazi Muscat, aliniachia Subaru Impreza yake yenye turbo, pamoja na sharti moja alilolitamka akiwa amekwisha kushika mkoba wa safari: "Kaka, asubuhi ipashe, jioni ipoze." Nilicheka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili; nilisikia methali mahali ambapo yeye alikuwa akinipa maelekezo ya kifundi.

Vijana wa Arusha hawahitaji kuelezwa mapenzi ya gari hilo. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda kwa Impreza. Mdogo wangu alikua na habari hizo kama wengine wanavyokua na hadithi za sungura. Alifanya kazi miaka mingi kabla ya kulinunua. Kuniachia lilikuwa jambo kubwa, nami nililijua hilo.

Nusu ya kwanza ya sharti niliitimiza kwa bidii. Tunaishi Usa River, chini ya Mlima Meru. Ifikapo Julai, mlima hujifunika mawingu siku nyingi mfululizo, na alfajiri watu hutembea wamejikunyata ndani ya mashuka na makoti. Oili iliyolala usiku kucha katika baridi hiyo huwa nzito, na hukawia kufika kwenye vyuma vinavyoingoja. Niliwasha, nikangoja kama dakika moja, nikaondoka taratibu bila kukanyaga mafuta sana. Baadaye nilijifunza kwamba mshale wa joto ulio mbele ya dereva husema habari za maji, si za oili. Maji hutangulia kupata moto. Oili hufuata nyuma, kwa mwendo wake. Kwa hiyo mshale ukishatulia katikati, dereva mwenye subira humpa mwenzi huyo wa pili dakika nyingine kadhaa. Wala hakuna haja ya kuliacha gari likiunguruma uani robo saa nzima. Mwendo wa upole ndio unaolipasha vizuri.

Neno lenyewe linafundisha. "Pasha" hutokana na "pata": kumpasha mtu habari ni kumfanya azipate, na kupasha kitu moto ni kukifanya kiupate. Anayepasha hulazimika kungoja mpaka mwenziwe apokee.

Nusu ya pili ya sharti niliipuuza. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka katika injini, na gari likikimbizwa, moshi huo hufikia nyuzi mia kadhaa za joto. Mhimili wake mwembamba huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili. Ukizima injini ghafla baada ya kuikimbiza, pampu ya oili husimama papo hapo, lakini joto halisimami. Oili iliyobaki mle huungua, ikaacha masizi magumu, na masizi hayo huziba njia za oili mpya. Magari mengi ya turbo, hilo letu likiwamo, hupitisha maji pia ili kusaidia, lakini msaada si kinga. Dawa ni rahisi: kilomita mbili za mwisho uende polepole, kisha ungoje dakika moja kabla ya kugeuza ufunguo. Mimi nilikuwa napanda kwa kasi kupitia Tengeru kwa kuwa nimechelewa, nazima mbele ya lango la shule, nakimbilia darasani.

Hapa pia lugha ilikuwa imenionya. Kutoka "poa" tunapata "poza", yaani kukifanya kitu kipoe. Jirani yake ni "pooza", ambalo kwa maana moja ni kulemaa, kufa kiungo. Wapo wanaoyatumia kwa kubadilishana: hata kile kituo cha umeme kule Njiro, huyu huandika ni cha kupoza umeme na yule cha kupooza. Darasani nilikuwa nikisahihisha irabu hiyo moja kwa kalamu nyekundu. Njiani sikuisahihisha.

Kisha ulikuja usiku wa Julai ambao mama alishindwa kupumua. Jirani alinisaidia kumweka kiti cha nyuma. Sikupasha wala sikungoja. Niliwasha na kukanyaga, nikapanda barabara ya mjini mshale wa joto ukiwa bado umelala chini. Mbele ya mlango wa hospitali nilizima, nikambeba. Mama alilazwa siku tisa, akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Turbo haikurudi. Juma lile lile gari lilianza kutoa moshi wa buluu na kupiga mluzi mkali.

Nilimpeleka fundi hadithi yangu ikiwa tayari: usiku mmoja, mama mgonjwa, gari limejitoa mhanga. Alifungua, akapitisha kidole ndani, akanionyesha ukoko mweusi. "Mwalimu," alisema kwa upole, "huu si moto wa usiku mmoja. Hii ni tabia."

Jioni ile mdogo wangu alipiga simu. Habari za mama nilikuwa nimemficha ili asihangaike ugenini. Habari za gari alikuwa amezipata kwa rafiki. Alinisalimu, kisha akauliza swali moja tu: "Kaka, ulikuwa unaipoza?" Ningeweza kujibu kwa neno moja la kweli. Badala yake nilimwambia kwamba yeye anaulizia vyuma huku mama yake akitolewa kwenye mdomo wa kaburi, na kwamba aliye mbali hana haki ya kuuliza. Kisha nikakata na kuzima simu, kama nilivyokuwa nikizima gari.

Hatukuzungumza kwa miezi miwili. Usiku wa mama sikuwa na dakika ya kungoja, na ukinirudia leo nitafanya vile vile. Jioni ya simu nilikuwa nayo. Ningenyamaza kidogo, maneno yangepungua joto, nami ningesema kweli. Yaliyobaki ndani yalinigandia kama ule ukoko: kila siku ikaongeza tabaka, na kila siku kupiga simu kukawa kugumu zaidi.

Mama ndiye aliyeniuliza, akiwa anachambua maharage barazani: "Mbona mdogo wako siku hizi anapiga kwangu tu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Niliingia ndani nikapiga. "Shikamoo, kaka," alisema, kama kwamba hakuna lililotokea. Niliitikia. Nikauliza habari za kazi, habari za joto la Muscat, nikangoja. Ndipo nikasema: "Nilikuwa siipozi. Si usiku ule tu. Mwaka mzima." Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza: "Na mama anaendeleaje na kifua?"

Turbo nyingine ninailipa kidogo kidogo kutoka katika mshahara. Gari limerudi barabarani, nami siku hizi wanafunzi hunikuta langoni nimeketi ndani, ufunguo mkononi, injini ikinguruma kwa sauti ya chini. Hudhani nasali. Nawaachia ubeti huu:

Uwashapo baridini, kwa haraka siikaze,
Na urudipo nyumbani, kwanza ngoja uipoze,
Neno lililo kinywani, nalo pia litulize,
Apozaye hapoozi, wadogo tuwaeleze.